HEWA NAYO IPIGIWE HESABU

Ramani ya jengo la umma inapofika mbele ya wakubwa wanaotoa kibali cha ujenzi, maswali huwa mengi. Huulizwa nguzo zitabeba uzito gani, nondo ni za unene gani, msingi umechimbwa kina gani, nyaya za umeme zimepita wapi na maji machafu yataelekea wapi. Maswali hayo yote ni ya haki, na mhandisi asiyeweza kuyajibu kwa tarakimu hurudishwa mezani kwake. Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni hili: watu watakaokaa ndani ya jengo hilo watapata hewa kiasi gani?

Sisi tunaona kwamba wakati umewadia wa swali hilo kuulizwa, na kujibiwa kwa tarakimu kama yanavyojibiwa yale mengine. Si haki tena kujibu kwamba "madirisha yapo". Chombo cha kupigia hesabu hiyo kipo, kinaingia katika kompyuta ya kawaida ya ofisini, na hakiuzwi. Kilichobaki ni sisi kukitumia.

Tuanze na sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka 2023, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu takriban milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na watu milioni 1.25 wakafa kwacho. Katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zilizolemewa zaidi na ugonjwa huo, Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Ugonjwa huu hauletwi na kikombe wala sahani, na hauletwi na kupeana mkono. Huletwa na hewa. Mgonjwa hukohoa, vijidudu vikaelea ndani ya chumba kwa muda mrefu, na mwenzake akavivuta. Hewa ya chumba ikibadilishwa upesi, vijidudu huondoka pamoja nayo. Ikituama, huzidi kurundikana. Ndivyo ilivyo kwa surua, na ndivyo dunia nzima ilivyojifunza kwa gharama kubwa wakati wa UVIKO-19.

Mnamo tarehe 1 Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya hewa ya ndani ya majengo. Katika majengo ya watu wengi yasiyo makazi, kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kwa kila sekunde. Katika wodi ya kawaida ya hospitali, kila mgonjwa apate lita 60 kwa sekunde. Viwango hivyo ni vyepesi kukumbuka, na mtu yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya anaweza kuanza navyo.

Basi na tuanze. Tuchukue darasa la watoto 45 na mwalimu wao, yaani watu 46. Mahitaji yao ni lita 460 kwa sekunde. Tuseme darasa hilo lina madirisha upande mmoja tu, na sehemu inayofunguka kweli ni mita mbili za mraba. Nje kunavuma upepo wa mita moja kwa sekunde, upepo hafifu unaopeleka moshi upande bila kutikisa majani. Kanuni ya makadirio iliyomo katika mwongozo tulioutaja inasema kwamba darasa hilo litapata lita 100 kwa sekunde. Hewa hiyo ni ya watu 10. Watoto waliobaki wanavuta pumzi zilizokwisha kutumiwa na wenzao.

Sasa tutoboe dirisha jingine, ukubwa ule ule, katika ukuta unaokabiliana na ule wa kwanza, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kwa kanuni ile ile na upepo ule ule, darasa litapata lita 1,300 kwa sekunde. Hewa hiyo ni ya watu 130. Yaani kwa kufungua ukuta wa pili, hewa imeongezeka mara 13, bila feni, bila umeme, na bila bili ya mwisho wa mwezi.

Ni dhahiri kwamba tofauti hii ni kubwa mno kuachiwa bahati. Tena ipo hatari ya mahesabu haya kuharibika baada ya jengo kukamilika. Wavu wa mbu, ambao hatuwezi kuuacha, hupunguza hewa kwa takriban nusu. Lita 1,300 zikawa 650. Upepo nao ukipungua hadi nusu mita kwa sekunde, lita 650 zikawa 325, nazo hazitoshi watoto 45. Na dirisha la alumini la kuteleza, ambalo siku hizi limeenea kila mahali kwa sababu ya uzuri wake, hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Anayenunua mita nne za dirisha hilo amenunua mita nne za mwanga na mita mbili za hewa.

Pengine msomaji atasema: ikiwa kalamu na karatasi vinatosha, kompyuta ya nini? Jibu ni kwamba kanuni hiyo ya makadirio inakitosha chumba kimoja kilichosimama peke yake mbele ya upepo. Jengo halisi haliko hivyo. Zahanati ina chumba cha kusubiri, ukumbi, chumba cha mganga, maabara, chumba cha kujifungulia na choo. Hospitali ina ghorofa, na ghorofa ina ngazi. Milango hufunguliwa na kufungwa. Hewa ikiingia chumba hiki hulazimika kutokea mahali, na mahali hapo huenda ni chumba cha mtu mwingine. Mafundo ya namna hiyo hayafunguliki kwa kalamu.

Kwa kazi hiyo wataalamu wametunga programu za kompyuta. Mojawapo ni CONTAM, ya Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi NIST. Mtangulizi wake, programu iliyoitwa AIRNET, ilitoka katika taasisi hiyo hiyo mwaka 1989. CONTAM hutolewa bila malipo kwa yeyote anayeihitaji, wa nchi yoyote. Taasisi hiyo imetoa pia programu nyingine iitwayo LoopDA, ambayo huipiga hesabu hiyo kinyumenyume: msanifu huitajia hewa anayoitaka, nayo humsaidia kupata ukubwa wa matundu yatakayoileta.

Namna zifanyavyo kazi si siri wala uchawi. Kila chumba huhesabiwa kuwa chombo kimoja, na kila dirisha, mlango, tundu na ufa huhesabiwa kuwa njia. Programu hupewa upepo unatoka wapi na una kasi gani, na joto la nje na la ndani ni kiasi gani, maana hewa ya moto hupanda na kutafuta pa kutokea juu. Kisha hutafuta msukumo wa hewa katika kila chumba, ikishika sharti moja lisilovunjika: hewa iliyoingia chumbani ndiyo itakayotoka, haipungui wala haizidi. Sharti hilo linapotimia katika vyumba vyote kwa pamoja, majibu hupatikana. Huonekana hewa inapita wapi, kiasi gani, na kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Huweza kuonekana pia, saa kwa saa, kile kilichotoka kifuani mwa mgonjwa kimefika wapi.

Faida ya hesabu hiyo kwa watu wa pwani haihitaji kutafutwa mbali. Sisi tunaishi kwa pepo mbili. Kuanzia Disemba hadi Machi huvuma Kaskazi; baada ya masika hushika Kusi mpaka karibu na Oktoba; na katikati yake kuna siku za shwari. Chukua zahanati ambayo wodi ya wagonjwa wa kifua iko upande wa kusini, na mahali pa kungojea kina mama na watoto pako upande wa kaskazini. Mwezi Januari upepo huingia kwa kina mama na kutokea kwa wagonjwa, na kila kitu ni salama. Mwezi Julai upepo hugeuka. Jengo ni lile lile, madirisha ni yale yale, wauguzi ni wale wale, lakini sasa hewa inatoka kwa wagonjwa na kupita kwa watoto waliokuja kuchanjwa. Aliyelikagua jengo hilo siku moja ya Januari angeliandika kuwa ni jengo jema, wala asingekuwa mwongo. Programu huweza kulijaribu jengo katika miezi yote 12 kabla tofali la kwanza halijatiwa udongo, na kosa la ramani likasahihishwa kwa kifutio badala ya nyundo.

Hata hivyo, tusije tukaifanya kompyuta kuwa mwalimu asiyekosea. Programu hujibu kile ilichoulizwa, kwa tarakimu ilizopewa. Ikiambiwa darasa lina watoto 45, itapiga hesabu ya watoto 45, hata kama walioketi humo ni 90 na mahitaji yao, pamoja na mwalimu, ni lita 910. Ikiambiwa madirisha ya wodi yako wazi usiku kucha, itaamini, hata kama kila jioni hufungwa kwa kuogopa mbu, baridi au wezi. Ikipewa upepo wa mji mwingine, italihesabia jengo letu upepo wa watu wengine. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Vituo vingi vya hali ya hewa hupima upepo katika viwanja vya ndege, mahali peupe, juu ya mlingoti wa mita 10. Upepo huo si ule unaofika dirishani katika mtaa uliosongamana nyumba. Programu ina namna ya kuupunguza, lakini mtu sharti aieleze kwamba jengo liko mtaani, si uwanjani.

Na hali za nchi yetu hazifanani. Ya Tanga si ya Njombe. Mwezi Juni Tanga mwalimu hufungua kila kilichopo. Mwezi huo huo Njombe na Makete hufunga kila kilichopo, kwa kuwa watoto wanatetemeka. Ramani iliyo njema pwani huweza kuwa mbaya nyanda za juu, si kwa upungufu wa madirisha bali kwa sababu hakuna atakayeyafungua. Huko hesabu huweza kuelekeza matundu ya juu karibu na dari, ambayo hewa ya moto hutokea humo bila baridi kuwapiga watoto mgongoni. Hayo ndiyo mambo ambayo hesabu huyaonyesha mapema, na ambayo macho hayawezi kuyaona katika karatasi.

Wapo watakaodhani kwamba hewa njema ni jambo la mashine na la nchi tajiri. Ushahidi unasema vinginevyo. Katika mji wa Lima, nchini Peru, watafiti walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Vyumba vilivyotegemea madirisha na milango, vikiwa wazi, vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa kwa wastani wao wa katikati. Vyumba vya mashine maalumu za kunyonya hewa vilihesabiwa mara 12. La kustaajabisha zaidi ni kwamba majengo ya kale, yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalipata mara 40, hali yale ya kisasa yasiyo na mashine yalipata mara 17. Wajenzi wa zamani hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kitu. Walichokijua kimesahauliwa njiani, na hesabu hii inatusaidia kukirudisha kwa ithibati, si kwa kumbukumbu tu.

Tunalisema hili kwa sababu mkumbo wa leo unakwenda kinyume. Jengo linaposifiwa kuwa la kisasa, mara nyingi maana yake ni vioo vilivyofungwa na kiyoyozi ukutani. Yafaa wananchi waelezwe bayana: kiyoyozi cha ukutani tulichokizoea hakileti hewa safi. Huivuta hewa ile ile ya chumba, huipoza, na kuirudisha kwa wale wale waliokwisha kuivuta. Ofisi yenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa ni yenye ubaridi, lakini hewa yake imetuama. Mwaka 1974, katika shule moja ya msingi karibu na mji wa Rochester, jimbo la New York, mtoto mmoja mwenye surua aliambukiza wenzake 28 waliokuwa katika madarasa 14 mbalimbali. Mitambo ya shule ilikuwa ikiizungusha hewa ile ile kutoka darasa hadi darasa. Kutokana na mkasa huo kukapatikana mwaka 1978 hesabu maarufu, itwayo ya Wells na Riley, inayotumika hadi leo kukadiria hatari ya kuambukizwa kwa njia ya hewa. Nchi iliyokuwa na mitambo mizuri ilijifunza kwamba mtambo usiopigiwa hesabu huweza kuwa mchukuzi wa maradhi.

Tutazame sasa mzigo tulionao. Tangu mwaka 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, watoto wamemiminika shuleni, na hilo ni jambo la kujivunia. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 zilizotolewa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, Tanzania ilipanga kujenga vyumba vya madarasa 15,000. Hapana shaka kwamba darasa jipya hupunguza msongamano, na kupunguza msongamano ni kinga. Lakini ujenzi wa wingi namna hiyo hufanywa kwa ramani za mfano, ramani moja ikarudiwa katika maelfu ya vijiji. Hapo ndipo hesabu ya hewa ina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote. Mhandisi mmoja akiketi na kompyuta yake na kuihakiki ramani moja ya mfano, kazi yake inakuwa imefanyika katika kila kijiji itakapojengwa. Vilevile, kosa moja likiachwa katika ramani hiyo, linamwagiwa saruji mara elfu.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Lakini programu haina bei, na tundu lililopangwa vizuri halina gharama kuliko tundu lililopangwa vibaya. Itasemwa kwamba wataalamu ni wachache. Lakini tuna Chuo Kikuu Ardhi, tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na kila mwaka vijana wanatafuta kazi ya kuandikia tasnifu zao. Wapewe shule na zahanati za wilaya zao. Itasemwa pia kwamba tarakimu za kompyuta haziaminiki. Basi zipimwe. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi takriban sehemu 420 katika kila milioni, na binadamu kila anapopumua huiongeza. Kipimo kidogo cha mkononi kikiwekwa darasani saa nne asubuhi, watoto wakiwa wamejaa, kitaonyesha kama hewa inabadilika au imetuama. Ndivyo programu inavyosahihishwa na ukweli, na ndivyo mhandisi anavyojua kama alitabiri vyema.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, ramani zote za mfano za madarasa, zahanati na vituo vya afya zihakikiwe kwa hesabu ya hewa, kwa upepo wa pwani na kwa baridi ya nyanda za juu, na matokeo yaandikwe juu ya ramani yenyewe: chumba hiki kinatosha watu kadhaa, madirisha yakiwa wazi. Pili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi zitazame uwezekano wa kuifanya hesabu hiyo kuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya jengo la umma, kama ilivyo hesabu ya zege. Tatu, halmashauri zinapopokea jengo kutoka kwa mkandarasi zisihesabu madirisha tu, bali zipime sehemu inayofunguka, wavu ukiwa umewekwa.

Na wakati hayo yakingojwa, yapo yasiyohitaji kibali cha mtu. Mwalimu mkuu anaweza kuamuru madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe kabla ya kengele ya kwanza. Muuguzi anaweza kuangalia hewa inatoka wapi leo, akawaketisha wenye kikohozi upande inakotokea. Kamati ya ujenzi ya kijiji, kabla ya kuziba matundu ya juu ili kuokoa mfuko mmoja wa saruji, inaweza kuuliza matundu hayo yaliwekwa kwa ajili ya nini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maji tunayapimia mita, umeme tunaupimia mita, na nafaka tunaipimia mizani. Hewa, ambayo mtoto hawezi kukaa dakika chache bila ya kuivuta, ndiyo pekee tuliyoiacha nje ya daftari, kwa kuwa hatuilipii. Walioivuta vibaya wameilipia kwa miezi ya dawa, na wengine kwa maisha yao. Daftari lipo, kalamu ipo, na mwenye kuitumia yupo. Tunawaomba wahusika waanze kuandika.